Mawe ya Angani na Jiko la Ng'ambo ya Barabara

Baba yangu aliendesha kampuni ya kuchimba madini angani, na makao makuu yake yalikuwa kiti cha mbao barazani kwetu. Kampuni haikuwa na mtambo wala ofisi. Ilikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa tairi, ukurasa mmoja wa gazeti uliochanika, na wafanyakazi watatu. Yeye alikuwa mkurugenzi. Mama alisimamia mahesabu, na kazi yake ilikuwa kukataa. Mimi nilikuwa karani, kwa sababu nilisoma sekondari na niliweza kukisoma Kiingereza cha yale maandishi madogo. Sikuulizwa kama naitaka kazi hiyo, na mshahara wake sijauona hadi leo.

Kwetu ni nje kidogo ya Kisumu, kati ya ziwa na barabara ya kwenda Busia. Kijia cha watu watokao ufukweni kilipita mbele ya mlango wetu, na kuanzia mchana kilijaa: wavuvi, akina mama wauzao omena, yaani dagaa, watu wa kazi za mjini waliokata njia kwenda makwao. Ukipanga chochote cha kuliwa pale, kilinunuliwa kabla hujamaliza kukipanga. Kikumbuke kijia hicho, maana ndicho kilichotuletea matata.

Mama aliuza mgongo wazi. Viwanda vya samaki vilipokuja mjini, mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, walianza kutolewa minofu, minofu ikapanda ndege kwenda ng'ambo, na kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kikauzwa getini kwa akina mama. Wao walikisafisha, wakakianika kidogo juani, kisha wakakikaanga kwenye karai kubwa hadi mifupa myembamba ikaweza kutafunwa. Kilikuwa kitamu, nisidanganye. Lakini moshi wake ulikuwa balaa. Kuni mbichi na mafuta yaliyorudiwa mara nyingi vilitoa moshi mzito wa kuwasha macho, na ukishaingia kwenye nguo, sabuni ilishindwa.

Baba alitumia ujana wake chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu kusini mwa ziwa. Alirudi miaka ya themanini ikielekea ukingoni, akiwa na sanduku moja na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Alikohoa kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Hospitalini Kombewa daktari hakupindapinda maneno: vumbi lililoingia halitatoka tena, na likiongezewa vumbi jingine au moshi, mgonjwa hatafika mbali. Mama alikuwepo. Alikifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akamshika baba mkono, wakaja zao nyumbani.

Mama aliingia biashara ya mgongo wazi wakati huo huo, maana omena peke yake isingetulisha. Na hapo ndipo alipowashangaza watu. Jiko lake, lile pipa lililokatwa katikati, hakuliweka kwenye kijia. Alilipeleka ng'ambo ya barabara, juu kwenye kilima kidogo ambako wateja wakubwa walikuwa mbuzi. Mifupa aliisafisha na kuianika nyumbani, kisha mchana akajitwika beseni, akakipita kijia chenye watu tele, akavuka barabara na kupanda. Ukimuuliza kwa nini, alisema watu wa kijia wana mdomo mrefu, na kwamba wa barabarani hula wakaenda zao. Majirani walicheka. Nami, nikiwa nyumbani likizo, nilikasirika kwa niaba ya familia nzima, kwa sababu beseni lilirudi jioni likiwa nusu. Hasara ya mama tuliila kwa ugali mpaka nikaichoka harufu yake.

Gazeti la baba lilitokana na biashara hiyo hiyo. Mama alinunua magazeti makuukuu ya kufungia samaki kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu wa kutoka mkoa wa Kati aliyeuza kila kitu kuanzia misumari hadi karatasi. Baba hakukubali karatasi yoyote ifunge samaki kabla hajaipitia. Siku moja akatokea na ukurasa wenye picha ya jiwe jeusi lililoelea gizani, akaniita nimsomee.

Niliusoma. Ulisema kwamba kati ya sayari kuna mawe mengi mno yanayolizunguka jua, nayo huitwa asteroidi. Mengine ni chuma kitupu, mengine yana madini ya thamani, mengine yana barafu ndani yake, na wataalamu wanadhani iko siku watu watayachimba. Mwisho kabisa kulikuwa na swali kwa herufi nene: je, kazi hiyo italipa? Hapo karatasi ilikuwa imechanika. Nusu ya pili, yenye jibu, ilimponyoka baba; mama alikuwa amefungia kichwa cha mbuta na kumuuzia mwanamke aliyekuwa akisubiri basi la Awasi.

"Nyar Seme," baba alimwambia mama jioni ile, akimwita kwa jina la kwao kama wanaume wetu wanavyowaita wake zao, "umeuza faida yetu Awasi."

"Ilikuwa imelowa mafuta," mama alijibu. "Faida gani hiyo ya kulowa?"

Kampuni ilizaliwa hivyo. Kwa kuwa jibu lilikuwa limeshuka Awasi, baba aliamua kulitafuta mwenyewe, na kwa miaka kadhaa likawa ndilo zungumzo letu la jioni. Mambo hayo yalizungumzwa kwa Kiswahili. Kijaluo kilikuwa cha nyumbani, cha ugonjwa na cha maombi, lakini Kiswahili baba alikipata migodini kati ya watu wa kila kabila, na kwake kilikuwa lugha ya kazi.

Mama alikuwa na utaratibu wake. Akirudi kutoka kilimani hakuingia ndani na nguo za moshi. Alioga nyuma ya nyumba, akavaa gauni safi, kisha akaja barazani, akainama na kuweka sikio lake mgongoni mwa baba. Alisikiliza kwa muda huku amefumba macho. Baba alikaa kimya kama mtoto anayepimwa nguo. Nilipokuwa msichana niliona haya kuwatazama, nikajifanya natafuta kiberiti. Siku hizi natamani ningewatazama zaidi.

Baada ya hapo mkutano ulianza.

"Mtu akitaka kitu ya mvunguni anainama," mama alianza siku ya kwanza. "Wewe unataka ya juu. Utafanya nini, utaruka?"

"Kuna roketi."

"Roketi inakula mafuta?"

"Inakula."

"Basi ni kama samaki ya Port Victoria. Ikifika hapa, gari imekula yote, na samaki imeoza."

"Jiwe haiozi, Nyar Seme."

Mama alilifikiria hilo, akakubali kwamba jiwe halihitaji barafu. Lakini kesho yake alirudi na pingamizi jipya. Alikuwa ameona ziwani mbuta wakivuliwa kwa wingi hata bei ikaanguka, akasema dhahabu nayo ikishushwa mlima mzima itakuwa kama omena ya msimu, mtu atakupimia na kukuongezea ya bure. Baba alilibeba hilo siku kadhaa. Alikula akiwaza, akakohoa akiwaza. Mwishowe akatangaza kwamba mlima hautashushwa. Utaachwa huko huko juu kama ng'ombe wa maziwa, na kampuni itakamua kidogo kidogo.

"Sawa," mama alisema. "Na huyo ng'ombe atakula nyasi gani huko juu?"

Nilicheka hadi nikapaliwa. Nilikuwa binti mwenye hasira za karibu, nikikasirikia shule, umaskini, na kikohozi cha baba kilichoniamsha alfajiri. Lakini katika mikutano ile sikumbuki kukasirika. Wazazi wangu walikuwa wanataniana kama wachumba, na walikuwa wametengana miaka mingi kwa ajili ya migodi. Nadhani walikuwa wanaifidia.

Baba alipata hoja yake bora katika lile neno barafu. Alinitaka nimsomee tena mstari ule, nikausoma: maji yaliyomo kwenye mawe yangeweza kugeuzwa kuwa mafuta ya vyombo vinavyosafiri huko angani. Akapiga goti lake kwa kiganja.

"Hatuleti kitu chini!" alisema. "Tunauzia wasafiri huko huko. Mtu ako njiani, mafuta imeisha, duka ni moja tu, yetu."

"Kama akina mama wa chai kule ufukweni," mama akasema polepole. "Hawaingii ziwa hata siku moja, na mvuvi akikosa samaki, chai bado anakunywa."

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Mimi nitafungua kibanda ya chai huko. Wewe chimba."

Siku moja tu mkutano ulivunjika vibaya. Mama aliuliza ni nani atakayekwenda kuchimba, na baba akasema mataifa makubwa, yenye fedha. "Basi minofu itapanda ndege," mama alisema, "na sisi tutapewa mgongo wazi." Alisema kwa utani, lakini baba hakucheka. Alitazama mikono yake, akasema kwamba dhahabu aliichimba tangu akiwa kijana, na hajawahi kuivaa hata pete. Kilichomfikia yeye ni vumbi. Mama alijutia utani wake papo hapo. Alihamisha kigoda chake, akaketi karibu naye hadi mabega yao yakagusana.

Naamini wazo la kumsaidia mama lilimjia baba baada ya siku hiyo. Alikuwa mtu aliyezoea kuleta kitu nyumbani, na sasa alikaa barazani akimwona mkewe akipita na beseni kwenda kuuzia mbuzi. Aliniambia kwamba mama ni hodari kwa kila kitu isipokuwa kusoma soko. Mgodi ukiwa mbali, faida inaliwa na safari, alisema. Hata mawe ya angani yangekuwa hapa karibu, yangeshachimbwa. Jiko likiwekwa hapa mlangoni, kwenye kijia, shida zetu zitapungua.

"Na moshi, baba?"

"Nyara," alisema, maana yake binti yangu, "mimi nimepitisha hewa chini ya ardhi, mahali hata mshumaa inakataa kuwaka. Moshi ya karai itanishinda?"

Hiyo ilikuwa likizo yangu ya mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Mama akiwa mjini getini kungoja mifupa, sisi tulijenga. Baba alikunja mabati ya zamani yakawa bomba refu la moshi, akaliunganisha na pipa jingine alilotengenezewa na fundi wa jua kali, akaliegemeza kwenye nguzo upande wa ziwa. Nilimshikia misumari. Alifanya kazi akipumzika kila baada ya pigo chache, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu arudi. Tulilijaribu asubuhi. Moshi ulipanda ndani ya bomba, ukachungulia juu, ukainamia upande wa ziwa na kwenda zake. Baba alipiga makofi.

"Hesabu imekubali," alisema. "Hata Awasi waje kuona."

Siku tuliyochagua, mama alichelewa mjini. Kulikuwa na mifupa iliyoanikwa jana yake, ikiwa tayari. Mchana, watu walipoanza kujaa kwenye kijia, tukawasha moto, baba akashika upawa, tukaanza kukaanga. Sijapata kuona samaki wakiondoka vile. Watu walisukumana. Mzee mmoja alikula amesimama hapo hapo, na kichwa cha mbuta kilimalizwa kabla hakijapoa. Baba alikuwa akiwaita wapita njia kwa sauti ya utani, sauti ya kijana wa migodini ambaye sikuwahi kumjua.

Halafu upepo wa ziwa ukaamka.

Huamka kila siku ya Mungu. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana ardhi ikishapata joto hugeuka ukatoka ziwani kuja kwetu. Hata mtoto wa kwetu anayechezea matope analijua hilo, na wavuvi huondoka na kurudi kwa hesabu hiyo. Lakini baba alikuwa ametumia maisha yake mahali pasipo na upepo. Alijua kusukuma hewa kwenye shimo. Upepo wenye ratiba yake mwenyewe alikuwa amekwisha kuusahau. Nami nilikuwa nahesabu vichwa vya watu, si mawingu. Moshi ulichungulia juu ya bomba kama kawaida, ukapigwa, ukashuka wote barazani.

Nilimwambia baba tuuzime. Akasema nisubiri, anageuza bomba kidogo tu. Alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja, na watu bado walikuwa wananyoosha mikono. Nikamvuta shati. Akaniondoa mkono kwa upole, akaukamata upawa wake.

Mama alitokea kwenye kijia wakati huo. Alibwaga beseni lililokuwa kichwani, mifupa ikatawanyika njiani. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya pipa, akazichomoa kuni zilizowaka kwa mikono mitupu, moja baada ya nyingine, akazifukia mchangani. Wateja walirudi nyuma. Kisha akamshika baba kiunoni, akamzungusha hadi nyuma ya nyumba ambako moshi haukufika, akamketisha chini, na kuweka sikio mgongoni mwake. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilisimama nikilia, nikiwa bado nimeshika sahani ya chumvi.

Pumzi ilipomrudia kidogo, baba alisema, "Inalipa, Nyar Seme. Umeona watu? Huko kwako kilimani hakuna kitu. Ulikosea mahali."

"Sijakosea."

"Huko hailipi."

"Najua hailipi," mama alisema. "Nilijua hata kabla nianze. Nilisimama hapa mlangoni nikaangalia upepo ya mchana inaenda wapi, nikapeleka jiko mahali hiyo moshi haiwezi kurudi kwako. Kilima ndio ilikuwa karibu. Kama ingekuwa lazima nipeleke kwa hayo mawe yako ya juu, ningepeleka."

Baba alivishika viganja vya mama, akaviona vilivyoungua, akavifunika kwa vyake. Machozi yalimtoka bila kujificha, nami nilifahamu kwamba nilikuwa nimeula upendo wa mama kwa ugali miaka yote ile na kuulalamikia.

Kesho yake baba alilibomoa bomba. Mabati akayanyoosha kwa nyundo ndogo, nikayapandisha kilimani kumtengenezea mama kivuli. Mikutano ya kampuni iliendelea, lakini ile nusu ya ukurasa iliyokwenda Awasi hakuiulizia tena. Jioni moja alitangaza kwamba kampuni imebadili nia. Mawe yatachimbwa angani hata yasipolipa, kwa sababu vumbi na moshi vitabaki huko, na huku chini watu watapumua.

"Hiyo sasa," mama alisema, "mahesabu imekubali."

Baba aliishi miaka mingi kuliko daktari alivyotarajia. Alifariki miaka ya tisini ikiisha, na tukamzika nyumbani kama desturi yetu ilivyo, kuume kwa nyumba, upande wa ziwa. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu, na hasira zangu za karibu zilikuwa zimehamia kwa wanafunzi. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, nilimkuta mama asubuhi akianika mifupa. Nilifurahi kwamba amepata nguvu. Nikasema nitamtafutia vijana walishushe jiko kutoka kilimani, sasa liwekwe hapa kwenye kijia, apumzike kupanda.

Aligeuza mifupa upande wa pili. Mchana ulipofika alikunja kata yake ya kitambaa, akaiweka kichwani, akaniashiria nimtwishe beseni.

"Mama," nilisema, "huko hailipi."

"Si nilishasema najua?"

Alisimama kidogo akilisawazisha beseni. Majani ya ndizi yalikuwa yameanza kutikisika. Upepo wa ziwa ulikuwa unaamka. Akaelekeza kidevu kwenye udongo mpya ulio kando ya nyumba, kati yetu na kijia.

"Ukiwasha moto hapo kijiani, moshi yote inapita juu yake," alisema. "Wacha apumzike vizuri."

Akavuka barabara. Nilichukua karai nikamfuata.